Kaniki ya Bibi Josepha Ilipofuliwa

Uji bado haujachemka jikoni, na Eustadia Dionis ameshaanza kunusa nguo.

Zinaning'inia ukutani kwenye misumari, kila moja juu ya kitanda cha mtoto wake: kanga iliyochujuka, kaniki nyeusi, shuka la mwanamume, kipande cha kitenge kilichochanika pindoni. Anaishika moja, anaiweka puani, anatulia kidogo, kisha anairudisha. Ya nne anaitoa na kuitupia begani.

"Hii imekwisha," anasema kwa sauti ndogo. "Shangazi yake akija Jumapili, aondoke nayo, atuachie nyingine."

Mzee Lukumani, mchota maji anayekuja na madebe yake kwa baiskeli kutoka Gongoni, anasimama mlangoni na kumtania kama kila siku. Anasema polisi wangemjua binti huyu, wasingehangaika kufuga mbwa. Eustadia anacheka huku ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Ni mtu wa haya. Ukimsemesha, hujibu akiitazama sakafu, na ukimwuliza tena hujibu kwa maneno machache zaidi.

Ana umri wa miaka ishirini na sita. Ni mmoja wa walezi wanne katika nyumba ya misheni inayolea watoto wachanga waliofiwa na mama zao, nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia ya Kwihara waliyopita wapagazi wa zamani. Watoto ni ishirini na watatu. Mshahara wake ni shilingi mia moja na tisini kwa mwezi, na nusu yake humpelekea baba yake shambani.

Shule aliiacha darasa la nne. Mama yake alifariki akijifungua, na Eustadia, kifungua mimba, akabaki nyumbani na kile kichanga. Alikilea kwa uji wa mtama na maziwa ya mbuzi. Hakikumaliza mwaka. Jambo hilo hulitaja mara moja tu, kisha huinuka kwenda kutazama kama maziwa hayajafurika.

Nyumba hii haiwachukui watoto moja kwa moja. Baba au ukoo humleta mtoto mara baada ya maziko. Hapo hunywa maziwa, hukua, hutambaa, na akishatembea na kula ugali, kama miaka miwili hivi, hurudishwa kwao. Shida ni kwamba siku ya kurudi, mtoto humjua mlezi, na ndugu zake huwaona kama wapita njia.

Ndiyo maana zipo zile nguo. Ni desturi waliyoianza walezi waliomtangulia Eustadia. Kila mwezi ndugu mmoja wa mtoto, daima huyohuyo, huja na nguo aliyoivaa na kulala nayo. Mtoto hulalia nguo hiyo mchana na usiku. Mwezi ukiisha, ndugu huichukua na kuacha nyingine. Nguo haifuliwi ikiwa humu ndani. Imebeba moshi wa jiko la kwao, jasho la bibi yake, tumbaku ya babu yake.

"Mtoto hana macho ya kukumbuka mtu wa mara moja kwa mwezi," anasema Eustadia. "Ila pua anayo."

Masolwa alikuwa mmoja wa watoto hao. Mama yake alikufa siku aliyomzaa, na baba yake akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, asirudi. Aliyebaki ni Bibi Josepha, mzaa mama, mjane anayelima mbali kidogo na Kwihara. Kwa karibu miaka miwili hakukosa mwezi hata mmoja. Alikuja kwa miguu na kaniki yake imekunjwa kichwani, na kila akifika alimwita mjukuu wake mume, kama mabibi wa Kinyamwezi wafanyavyo, akimlaumu kwa kumwacha alale peke yake.

Julai mwaka huu wa 1974 walikuja wageni.

Walikuwa vijana kumi na mmoja, Wakristo kutoka Ulaya, waliojitolea kwa wiki tatu kuwasaidia yatima. Walijilipia safari. Walileta maziwa ya unga na dawa za minyoo, wakapaka kuta chokaa, wakatengeneza mlango wa choo uliokuwa umeng'oka tangu masika. Kila mmoja alijichagulia mtoto wa kumpenda. Masolwa alichaguliwa na msichana aitwaye Bernadeta, mcheshi, mwenye mikono mirefu, aliyembeba kifuani kutwa nzima.

Wiki ya pili, Bernadeta na wenzake walizitazama zile nguo ukutani wakasikitika. Watoto wanalalia matambara, tena yananuka. Asubuhi moja waliwasha moto uani, wakajaza maji kwenye pipa lililokatwa, wakatia sabuni, wakazichemsha zote.

Sista Apolinaria, mkuu wa nyumba, alikuwa amekwenda mjini. Eustadia alikuwepo. Aliona pipa. Aliona kaniki ya Bibi Josepha ikipanda na kushuka kwenye povu.

Aligeuka, akaondoka.

"Nilijiuliza, nimwambieje mtu aliyesoma kwamba nguo chafu isifuliwe?" anasema. "Niliona watanicheka. Nikaingia jikoni, nikakaa nyuma ya mlango. Nikasema nitamwambia Sista jioni. Jioni zilikuwa zimeshakauka."

Anataka ieleweke kwamba hawachukii wageni wale. Anasema walikuwa watu wema, walifua wenyewe hadi vidole vikachubuka, na siku ya kuondoka walilia. Masolwa alilia pia. Kwa siku tisa alisimama langoni kila asubuhi na hakula ila maziwa.

Agosti ndugu wa watoto wengine walikuja na nguo mpya, na mambo yakarudi polepole mahali pake. Bibi Josepha hakuja. Septemba hakuja. Alikuwa amejikata mguu kwa jembe akivuna viazi, na kidonda kilimlaza ndani. Kwa zaidi ya miezi miwili Masolwa alilalia kitambaa kinachonukia sabuni.

Alifika Oktoba, siku ya Jumatatu, anachechemea, na hakuwa na muda. Operesheni ya vijiji ilikuwa imefika kwao. Katibu Kata alikuwa ametangaza kwamba Jumapili lori litakuja kuchukua watu na mizigo na kuwapeleka kijiji kipya upande wa kusini, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Alitaka ahame na mjukuu wake.

Alipiga magoti uani, akafungua mikono. Masolwa alimtazama, akapiga yowe, akakimbia kujificha katika sketi ya Eustadia. Bibi alisogea. Mtoto alijinyonganyonga mpaka akatapika.

Bibi Josepha alijaribu mzaha. Aliwaambia walezi kwamba mume wake amemkana mchana kweupe, bila shaka ameoa mwingine. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alifuta macho kwa kiganja.

Sista Apolinaria ana sheria moja asiyoipindisha: mtoto hatolewi kwa mtu anayemkataa. Miaka ya nyuma mtoto mmoja alitolewa hivyo, akagoma kula huko alikokwenda, na aliporudishwa alikuwa mifupa mitupu. Kwa upande mwingine, mtoto akipita miaka mitatu bila mtu wa kumchukua, hupelekwa kwenye nyumba ya watoto wakubwa mkoa mwingine. Masolwa alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Bibi akishapanda lori, nani angejua ametua wapi, na lini mguu ule ungemrudisha?

Josepha alikata tamaa haraka kuliko walivyotarajia. Alisema mtoto amenenepa, ana viatu, huenda hapa ndipo kwao. Alianza kufunga mzigo wake.

Hapo ndipo Eustadia aliposema, mbele ya Sista, mbele ya watu wote.

"Bibi, kosa si la mtoto. Ni langu. Kaniki yako ilifuliwa."

Josepha hakuelewa mara moja. Aliuliza kama ni sabuni tu ndiyo iliyomfanyia hivi. Eustadia akamweleza habari ya pipa, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Na wewe ulikuwepo?" aliuliza bibi.

"Nilikuwepo."

"Na mdomo ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao, bibi."

Eustadia anasema hajawahi kuchapwa akaumia vile. Lakini aliendelea. Alimwomba Sista amruhusu bibi akae hadi Jumamosi. Alimwomba bibi kaniki aliyoivaa njiani, yenye vumbi na jasho lake, akampa kanga yake ajifunge. Kisha akaomba yeye mwenyewe aondolewe kwa watoto wanaotembea, apelekwe kufulia nyuma, ili Masolwa asiwe na pa kukimbilia.

Siku hizo tano alizipitisha kwenye karo la kufulia. Masolwa alizunguka nyumba akimwita, "Tadia, Tadia." Eustadia aliusikia kila mwito.

"Nilikuwa nauma kanga nisimwitikie," anasema.

Bibi Josepha hakumfukuzia mtoto. Alikaa tu pale uani, mguu ameunyoosha, akibangua karanga, akisema maneno ya Kinyamwezi peke yake, akimsengenya mume asiyejua hata kumsalimu mkewe. Jumanne Masolwa alilalia kaniki. Jumatano aliichukua akaiburuta kutwa. Walezi waliambiana wasimtazame sana.

Alhamisi bibi alikuwa anapeta mahindi. Masolwa alikuja, akasimama hatua tatu kutoka kwake. Akasogea. Akaushika ukingo wa ungo kwa mkono mmoja. Bibi hakumgusa wala hakumtazama. Aliendelea kupeta, polepole, mtoto amening'inia kwenye ungo. Mzee Lukumani aliyeyaona hayo anasema aliyasahau maji yake, yakamwagika yote barabarani.

Jumamosi asubuhi Masolwa aliondoka mgongoni mwa bibi yake, amefungwa kwa mbeleko, mwanamke wa jirani amewabebea mzigo. Sista alitia sahihi karatasi. Josepha aliomba kumwona Eustadia, naye akatoka na povu mikononi. Walisalimiana tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu nimempata. Waliobaki, wasemee."

Tangu siku hiyo Eustadia amekuwa akifikiria Julai ijayo. Barua imekuja kutoka kwa Bernadeta, na Sista amemsomea. Wageni wanarudi, safari hii kumi na wanne. Bernadeta anauliza habari za Masolwa, na anasema amekusanya shuka nyeupe ishirini na tatu.

Eustadia amemwomba Sista ampe siku ya kwanza, kabla hawajaonyeshwa watoto. Anataka kusema mwenyewe, Sista amtafsirie. Atawapa kila mmoja nguo moja anuse, na atawaambia ni ya nani na anatoka wapi. Kazi ipo nyingi, anasema: paa la stoo linavuja, bustani haina uzio, na maji ya Mzee Lukumani hayatoshi. Watoto wabebwe na wale watakaobaki nao.

Amekwisha kuanza kujizoeza. Mchana watoto wakilala, husimama mbele ya vitanda na kusema maneno yake kwa sauti, bila kutazama sakafu. Walezi wenzake humcheka, lakini humwambia arudie.

Na ana safari moja. Mwakani, mvua zikikatika, atapanda lori kwenda kusini kukitafuta kijiji kipya cha Bibi Josepha. Hatabeba zawadi. Anataka kufika uani, amwite Masolwa kwa jina, aone.

"Akinishangaa, akalia, akamkimbilia bibi yake," anasema Eustadia, na safari hii ameinua uso, "nitajua kazi yangu imekwisha. Nitapiga hodi vizuri kama mgeni."