Kifungo cha Mama Mdogo

Mchana mama mdogo ni fundi cherehani. Jioni anasogeza meza pembeni na kutufundisha mchezo wa upanga, na mtihani wake hauna huruma: anatundika koti jeusi ukutani, anapaka chaki kwenye ncha ya upanga wako, kisha anataka uruke mbele na kugusa kifungo cha katikati. Kifungo, si kitambaa. Ndiyo maana sisi wanafunzi wake husema tunatumikia kifungo.

Mimi nilikitumikia mwaka mzima. Koti lilijaa madoa kama kuku kanga.

"Mkono wako una haraka kuliko jicho," alinikaripia. "Rudia!"

Nilirudia mpaka goti likagoma, nikaapa sitoki pale bila kukipata.

Jana nikakipata. Doa la chaki lilikaa katikati kabisa, juu ya uzi. Nikavua barakoa ya waya nikairusha juu.

"Mama mdogo, kifungo kimeisha! Niko huru!"

Alichukua mkasi akakikata, akashona mahali pake kifungo cha shati la mtoto mchanga, akakata uzi kwa meno.

"Huru wapi? Umehamishwa gereza tu. Paka chaki."

Nikapaka.