Paka juu ya boneti

Jamani, paka leo kaniuzia akili!

Nimekwenda Bongwe kulitazama gari la mbio, jekundu, milango miwili. Nimeliota mwaka mzima.

Mzee Bakari, mwenye gari, akaapa: "Halijawashwa tangu jana, mwanangu."

Lakini paka wake kajinyoosha juu ya boneti, kama yuko jikoni.

Nikagusa. Moto!

Injini mbovu hupashwa mapema, mnunuzi asiisikie ikikohoa.

Nikasema, "Basi tunywe chai kwanza, baba, injini ipoe."

Tukamaliza birika zima. Mzee hana raha, mahamri hayamshuki.

Boneti ikapoa. Nikawasha.

Likanguruma papo hapo! Safi!

Mzee naye akaruka kitini: "Alhamdulillahi! Limewaka!"

Kashangaa kuliko mimi.

Sasa niambieni, nilinunue?

Paka keshakataa kushuka.