Bahasha na Uso wa Dada Yake

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, aliwapiga watu picha kwa miaka thelathini na nane, na mtaa mzima ulimwita Bahasha. Jina lilitokana na kazi. Enzi za chumba cha giza, akimaliza kusafisha picha alizitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na negativu zake, filamu zilizozizaa, akaandika tarehe kwa penseli, akaisukuma kabatini. Picha na mama yake wakae pamoja, alikuwa akisema. Ungemwendea baada ya miaka kumi ukaukuta uso wako ulivyokuwa siku ile, na chunusi zako zote.

Mimi shule niliiachia darasa la nne. Nilichokijua nimekiokota kwenye vitabu chakavu. Lakini kabati lile nililielewa.

Ikaja kompyuta. Wakamwambia chumba cha giza kimepitwa na wakati, naye akakigeuza stoo ya viti vibovu. Sijamsamehe kwa hilo, ila hilo lilikuwa dogo.

Mke wangu hakupenda kamera. Uzeeni alikubali mara moja tu, asubuhi moja, ameketi dirishani penye cherehani yake, na mdogo wake akampiga picha ishirini na sita. Hakukuwa na nyingine zenye uso wake wa miaka ya mwisho. Alipofariki nilitaka moja tu, ya kutundika sebuleni.

Binti yetu akaniwahi kwa mjomba wake. "Mjomba, mng'arishe mama kidogo. Mtoe hayo makunyanzi."

Bahasha akatoa nakala za picha zote, akaziweka folda ya pembeni, akayakwangua makunyanzi kwenye nakala hizo. Mpaka hapo hakukosea. Kosa alilifanya alipomaliza: kwa mazoea ya mkono wake akazirudisha nakala kwenye folda ya picha asilia, zikae pamoja. Majina yalikuwa yale yale. Mashine ikamuuliza kama mpya zichukue nafasi ya za zamani. Akabonyeza ndiyo. Kwa zote.

Nilipofika studio, mwanamke aliyenitazama kwenye kioo cha kompyuta alikuwa laini kama sahani.

"Huyu nani?"

"Dada."

"Dada yako hakuwa hivi. Nionyeshe yeye mwenyewe."

Akafungua moja, ya pili, ya tano. Sahani tupu. Jasho likaanza kumtoka.

"Na kadi ya kamera?"

"Nimeshaijaza picha za shule nzima, shemeji."

"Kwa hiyo umemfuta."

"Sikumfuta. Nimeziweka pamoja, kama siku zote."

"Bahasha ya kaki haimli mtu, bwana! Unatia picha hamsini, unazikuta hamsini. Hili dude linakuuliza limeze au lisimeze, nawe unaitikia ndiyo kama bwana harusi!"

Binti yangu alikuwa kwenye benchi, karibu na mlango. "Lakini baba, mbona amependeza?"

"Mama yako ameufanyia kazi uso ule miaka sabini. Nyamaza."

Sijawahi kumfokea hivyo, hata alipokuwa mtoto.

Bahasha akavuta kiti. Akasema zamani alikuwa akizirekebisha nyuso za watu pichani kwa brashi ya unywele mmoja, na mkono wake haujasahau. "Nielekeze tu. Nitamrudisha mstari kwa mstari."

Nikakaa. Nikamwambia aanze na ule mstari kati ya nyusi, wa kutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akauchora, akasita.

"Ilikuwa miwili."

"Mmoja."

"Miwili, shemeji. Mimi nimemjua kabla yako."

"Nimelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na mmoja!"

Tukamgeukia binti, sote wawili. Akatutazama.

"Sikumbuki," akasema, akaanza kulia.

Nikamwambia Bahasha azime mashine. Uso wa mke wangu haupigiwi kura.