Mama na Nyoka Wachanga

Kwanza ilikuwa sauti: mchakacho wa karatasi, mwepesi, kama mtu anayefungua bonbon, peremende, kanisani akiomba padri asisikie. Ulitoka kwenye sanduku la kioo, pembeni mwa meza ninayoandikia riwaya yangu. Nilipoinama nikaona nyoka wangu amezaa. Hakutaga mayai, alizaa: vitoto vyembamba kama kamba za viatu, vyenye mistari ya njano, vikitambaa juu ya gazeti kuukuu na juu ya nyuso za wakubwa wa nchi bila heshima yoyote.

Nyoka huyo nilimrithi kwa jirani, mwalimu wa biolojia aliyehamia Kampala. Naye aliachiwa na Mzungu aliyemaliza mkataba. Ni nyoka wa Marekani, mpole, mpenda samaki. Alivukaje mipaka yote hiyo, sijui. Mimi mpakani Gisenyi niliwahi kuhojiwa kama jasusi kwa sababu ya kipande cha jibini.

Mwalimu alinitumia ujumbe wa sauti. "Dada, pole na uzazi. Sasa lazima wale. Wasipoanza kula watakufa wote, taratibu."

Hiyo "taratibu" ilinikata maini. Katika riwaya nimeua watu wengi bila kukosa usingizi. Hawa nilitaka waishi.

Nikaanza na sambaza, dagaa wa ziwa letu, wakavu wa chumvi, maana ndivyo tunavyowapenda sisi. Vitoto viliwakwepa. Nikanunua wabichi, wangali wananuka ziwa, nikawakata vipande na kuvitikisa kwa kibano cha nyusi mbele ya nyuso zao. Nikaimba. Mdogo kuliko wote, mwenye doa jeupe kichwani, alinitazama jinsi wachapishaji wanavyotazama mashairi.

"Waanzishie nyungunyungu," akasema mwalimu. "Harufu yake itawafungulia hamu."

Rahisi kusema ukiwa Kampala. Uani kwangu, hapa mtaani Mapendo, ukichimba unakuta lava, mawe ya volkano, na chini ya lava, lava nyingine. Nyungunyungu mwenye akili hajengi hapa.

Ndipo mama akashuka kutoka Rutshuru kunisalimia, na gunia la mateke, yale magimbi ya kwetu. Akaona sanduku.

"Hii ni nini?"

"Batoto ba nyoka, mama. Habataki kula."

Akatua gunia polepole. "Habakuli? Basi batakufa."

"Ndiyo ninachoogopa."

"Sawa," akasema, akavua viatu. "Nitangoja."

Nilipomwaga mateke, udongo wa Rutshuru ulidondoka pamoja nayo, mweusi, mbichi, na ndani yake nyungunyungu wanene wakijinyonganyonga. Nikapiga magoti.

"We mutoto! Uko unashika minyoo?"

"Mama, umewaletea chakula!"

Alilitazama gunia lake kama mtu aliyegundua kwamba amemlipia adui yake nauli.

Niliwakatakata nyungunyungu, nikawatia sandukuni, kisha nikakaa kidevu juu ya kioo nikikodoa macho. Hakuna aliyegusa. Jioni nikapakua maharage na mateke, lakini mama hakunyoosha mkono. Kwetu mtu hali chakula akiwa anatazamwa. Ukimkuta mtu na sahani, unageuza uso hadi ameze.

"Hawa batu bako bananiangalia," akasema. Akafungua kitenge chake cha juu, akakitupa juu ya sanduku. "Na wewe ondoa macho huko. Kula."

Tukala tukiwapa mgongo. Baadaye nikainua pindo la kitenge. Vipande vilikuwa vimekwisha, na matumbo yamevimba kama uzi uliofungwa mafundo. Kumbe nao walikuwa na haya, nami nilikuwa nimewasimamia kama askari wa mtihani.

Ni yule mdogo tu aliyebaki amejikunja kwenye kona. Nikamhamishia kwenye kopo la margarini, peke yake, na mfuniko wenye matundu. Siku zikapita. Ngozi yake ikaanza kukunjamana. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, mama aliuliza, "Na ule mudogo?" Sikujua anaombea nini, naye hakuniambia. Mimi nilikuwa nimeshatenga kisanduku cha kiberiti cha kumzikia.

Mchana mmoja nikasugua kipande cha sambaza kwa nyungunyungu hadi kikanuka udongo, nikakitia koponi, nikafunika, nikaenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta mama amesimama, mfuniko mkononi.

"Angalia," akanong'ona.

Mkia wa sambaza ulikuwa umetokeza kinywani mwa yule mdogo kama sigara ya waziri.

"Funika, mama! Unamtazama!"

Akafunika haraka, tena akageuza uso ukutani, kama mbele ya mgeni wa heshima. Mimi nikacheza hadi ndoo ikamwagika. Nilipomaliza, mama alikuwa anakunja nguo zake.

"Unaenda wapi?"

"Rutshuru. Nilifikiri nimekuja kwenye kilio, kumbe ni ubatizo. Mutu anayekula anakomaa, mutoto wangu. Mimi sitangoja kuona hawa bakikomaa."

"Mama, baki hata leo tu."

"Na usithubutu kusema ni bajukuu bangu."

Nje, moto, ile pikipiki ya abiria aliyoiita, ilikuwa inanguruma. Akavaa viatu, akajifunga kitenge kile kile bila kukikung'uta.

"Ule udongo wa gunia usiutupe," akasema akiwa kizingitini. "Umwagie maji kidogo. Minyoo itazaana."

Akauvuta mlango nyuma yake, ukafungika.