Msasa Ndani ya Jeneza

Seremala wa majeneza mtaani kwetu tulimwita Futikamba, kwa sababu ukipita mbele yake alikupima kwa jicho, utosini hadi kisiginoni, mpaka watu wakaona heri wavuke barabara. Nje ya jeneza alipaka vanishi ya kujitazamia. Ndani aliziacha mbao zilivyotoka kwenye msumeno. "Maiti halalamiki," alizoea kusema, midomo imebana misumari. Tangu aokoke na kubatizwa, jicho lile limetulia. Siku hizi ukipita anakuuliza hali ya watoto, na kweli anasubiri jibu.

Juzi tulikwenda kuchukua jeneza la mama. Tulimkuta amepiga magoti, kichwa na mabega vimezama ndani yake, anasugua kwa msasa na kupapasa kila ubao kwa kiganja. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa amevimba kwa hasira za msiba. "Fundi, tumechelewa! Huko ndani nani ataona?"

Akainua kichwa, nyusi zimejaa vumbi la mbao. "Ataona mama mwenyewe, siku Bwana atakapomwamsha. Sitaki achomwe na kibanzi." Akainama tena.

 Mjomba akavua koti, akaomba kipande cha msasa.