Rede ya Mama kwenye Paking

Jana nilifungua dawa ya kuchua nipake goti, maana umri wa kijana ninao ila goti ni la babu. Ile harufu ikanirudisha kwenye paking ya apatimenti zetu, karibu na Morse Road, huku ughaibuni tulikohamia nikiwa mwanafunzi.

Shuleni nilitaka kuwa kota beki, yule anayewarushia wenzake ule mpira wenye umbo la parachichi. Nikirusha nimesimama, safi. Nikirusha huku nakimbia, unaenda kwa majirani. Kocha akasema kesho ananijaribu mara ya mwisho.

Mama akatoka kazini, akapaka goti lake dawa, akafunga kitenge kiunoni. Kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka, alikuwa bingwa wa rede, ule mchezo wa wasichana wa kumpiga mtu na mpira. Ukipigwa, umekufa.

"Kimbia, halafu nipige!" akasema, anachechemea mbele yangu. "Geuza kitovu kinitazame kwanza, we mtoto!"

"Mama, watu wanaangalia."

"Waache wajifunze."

Nilimkosa mpaka basi, halafu nikamtwanga mgongoni. "Nimekufa!" akashangilia.

Kesho yake kwenye majaribio sikumkosa mwenzangu hata mmoja. Tatizo, niliwalenga migongo badala ya mikono. Mama kwenye fensi anapiga kelele: "Kafa! Na huyo kafa!"

Kocha alicheka, akanipa jezi, akauliza nani kanifundisha kurusha hivyo.

"Intaneti," nikamjibu kwa Kiingereza.

Mama, ambaye Kiingereza kilikuwa bado hakijampanda, akampungia kocha mkono kwa furaha. Alidhani nimemtaja.