Konokono Ndani ya Jiwe

Harufu ya chokaa iliyotoka kumwagiwa maji hunirudisha Mkata, darasa la sita, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye kichwa kilichovimba kwa sifa. Nilikuwa wa kwanza katika sayansi, na ole wake aliyejua jambo nisilolijua.

Mwaka huo lori lilimwaga uwanjani kwetu mawe meupe kutoka upande wa Tanga, ya kujengea msingi wa darasa jipya. Namnyaki, binti wa wafugaji waliohamia karibuni, aliokota moja akaliingiza darasani amelifunga kwenye sweta. Ubavuni mwa jiwe hilo alichomoza konokono mdogo wa baharini, kajiviringa kama kata ya kichwani. Kwa Kiswahili chake cha kutafutatafuta maneno, Namnyaki alimwambia mwalimu kwamba huyu sasa ni jiwe, lakini zamani alikuwa hai.

Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Nikasema amebandika gamba kwa udongo, maana bahari na Mkata wapi na wapi. Bibi yangu alipenda kusema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikautamka msemo huo kwa sauti ya kiutu uzima, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, akaendelea na somo.

Wakati wa mapumziko nilimnyang'anya jiwe lake, nikaligonga kwa jingine mbele ya wenzangu ili niwaonyeshe huo udongo. Likapasuka. Nikachutama, na hapo nikaona. Ndani kabisa, mahali pasipoweza kufikiwa na mkono wa mtu, walikuwamo konokono wengine watatu, wagumu, wameshikamana na jiwe lenyewe. Nilijua papo hapo kwamba Namnyaki alisema kweli. Nikavikanyaga vile vipande, nikavisukumia vumbini.

"Udongo mtupu," nikawaambia.

Hakulia. Alikung'uta sweta lake akaenda zake, na tangu siku ile hakunyoosha tena mkono darasani. Kiangazi kilipofika, baba yake alihamisha ng'ombe kuelekea Kwedizinga, naye akaondoka nao.

Sasa mimi ni mwalimu Korogwe, na mada ya viumbe waliogeuka mawe ninaifundisha mwenyewe. Nawaeleza watoto kwamba kiumbe wa baharini hufa akazama topeni. Nyama huoza, gamba hubaki. Tope jingine hushuka juu yake, tabaka kwa tabaka. Maji yenye madini hupenya taratibu mpaka gamba na tope vyote vinakuwa jiwe. Kisha nchi huinuka na bahari hurudi nyuma. Wananisikiliza kwa heshima nisiyostahili.

Mwaka jana nilimkuta Namnyaki kule Mkata akiuza maziwa karibu na kituo cha mabasi. Yeye ndiye aliyenitambua. Tulijuliana hali, tukaulizana habari za watoto, halafu nikaanza kumwomba radhi, kwamba ule haukuwa udongo.

"Najua, mwalimu," alisema taratibu. "Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliwaona wote watatu."

Akanipimia maziwa. Miaka yote nilidhani alinyamaza kwa kuwa nilimshinda. Kumbe aliuona ukweli, akaona kwamba nami nimeuona, akaningoja niuseme. Na sijui aliningoja kwa muda gani kabla ya kukata tamaa.